Nani kakupa hicho kipimo?

Tangu nirudi kutoka Kisarawe Jumapili jioni, kichwani mwangu mna sauti ya Mjomba tu. Naamka nayo, napanda nayo mwendokasi, nashinda nayo ofisini nikikagua nyaraka za mizigo ya watu. Wiki hii Hamisi kapeleka barua ya posa Tanga na wamempokea vizuri, mama katoka hospitali presha imeshuka, kazini tumeletewa meneja mpya. Yote hayo nimeyaitikia alhamdulillah, kisha nikarudi palepale, kibarazani kwa Mjomba.

Gitaa nililokuwa nikilitengeneza na Mjomba kwa mbao ya mfenesi wake limekamilika. Mlionifuata tangu mfenesi ulipoangushwa na upepo wa masika mnajua nilivyolisubiri neno hili. Limekamilika, lina nyuzi sita, linashika sauti. Nililifunga kwenye kanga mbili nikalipakata kwenye daladala kutoka Gongo la Mboto, konda akaniuliza kama ni mtoto mgonjwa.

Mjomba hakulipiga wimbo. Alikaa kwenye kiti chake cha kamba, akalipakata, akanyoosha kidole juu ya freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo ya gitaa), katikati kabisa ya uzi, akaugusa tu bila kuukandamiza. Ukatoa ile sauti nyembamba inayoelea. Kisha akaukandamiza palepale akaupiga tena. Sauti ikawa ileile. Akafanya hivyo uzi wa pili, wa tatu, mpaka wa sita, polepole, kichwa kakiinamisha upande wa sikio lake zima. Akanitazama kwa juu ya miwani.

"Nani kakupa hicho kipimo?"

"Hakuna, Mjomba. Nimepiga hesabu."

"Hesabu."

"Ndiyo, Mjomba."

Akalilaza gitaa mkekani, uso juu, taratibu, akachukua ndoo akaenda kuwanywesha mbuzi. Hakulizungumzia tena. Tulikula, tukaongea habari za Hamisi, nikaaga, akaniambia niwasalimie nyumbani.

Basi, hiyo "Hesabu" ndiyo iliyoninyima usingizi. Nimejaribu kukumbuka kama mwishoni sauti ilipanda au ilishuka. Ilishuka, nadhani. Au haikupanda wala kushuka, aliisema kama mtu anayesoma maandishi ukutani. Nimemsimulia Baba Nuru kwa kila namna, nikamuigizia na miwani, mpaka juzi akasema, "Mama Nuru, mzee kasema hesabu. Wewe umepiga hesabu. Tulale." Akageukia ukutani. Mimi nikabaki na dari.

Kwa nini neno moja la mzee linichome hivi? Kwa sababu gitaa hili tumelifanya wawili. Mjomba alipiga rithimu kwenye bendi ya dansi miaka ya sabini na themanini. Jina la bendi alishanikataza kuliandika na sitaliandika. Enzi hizo bendi nyingi kubwa za mji huu zilikuwa na mwenyewe: taasisi ya umma, shirika, jeshi. NUTA Jazz, kwa mfano, ilianza mwaka 1964 ikiwa chini ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na vyombo vilikuwa mali ya mwajiri, gitaa, ngoma, spika, vyote. Ukiacha kazi unakabidhi. Mjomba alikabidhi, akahamia shambani kando ya msitu wa Pugu, na nyumbani kwake sijawahi kuona gitaa. Hata la ukutani la kutazama.

Kwa hiyo mfenesi ulipoanguka, na yeye mwenyewe akaugonga kwa kifundo cha kidole akasema, "Huu unaitika," nilidhani ananifundisha mimi tu. Aliupasua ubao kwa ubao na jirani mwenye msumeno, akapaka rangi kwenye ncha ili zisipasuke zikikauka, akazipanga kivulini na vijiti katikati hewa ipite. Kila Jumamosi niliyopata nafasi nilikuwa kule, chini ya mwembe, msitu uko hatua chache nyuma ya ua. Msitu wenyewe hatuugusi, ni hifadhi, hata tawi lililoanguka ni la serikali. Mjomba ni mkali sana kwenye hilo. Jiwe la mpaka analisafisha majani kwa mkono wake ili asitokee mtu wa kusema hakuliona. Kaona mengi yalivyokwenda na mkaa, na hataki mti hata mmoja uende kwa jina lake.

Mbao ya mfenesi ukiiranda inatoka njano mbivu, kisha siku zinavyokwenda inaingia wekundu wa kahawia. India wanachonga vina kwa mti huuhuu, chombo kikubwa cha nyuzi. Mbavu za gitaa nilizifikisha unene wa milimita mbili, nikaziloweka, tukazikunja kwenye bomba la chuma lililotiwa makaa ndani. Hapo ndipo penye roho ya kazi. Unaushika ubao kwa mikono miwili juu ya bomba, unasukuma kidogo, mvuke unatoka na harufu ya fenesi lililoiva kupita kiasi, na ubao unakukatalia. Unasubiri. Mjomba nyuma yangu, "Usilazimishe, mama, usilazimishe, utausikia wenyewe." Na kweli, kuna sekunde ubishi unakwisha mikononi, ubao unalala kama chapati iliyokolea mafuta. Ukipita hapo umekatika, ukiwahi hapo umekatika. Tulizifunga kwenye kalibu kwa vipande vya mpira wa tyubu ya baiskeli, maana jiriwa tulikuwa nayo moja.

Uso haukutoka shambani. Ulitoka bandarini, kwenye paleti zilizovunjika ambazo mteja wetu mmoja hakuzitaka. Zilikuwa na alama ya HT, ile tunayoitafuta kila siku kwenye mizigo: mbao imepashwa moto mpaka moyo wake ukafika nyuzi joto 56 kwa dakika 30, ili wadudu wasisafiri nchi kwa nchi. Sprusi, mti wa nchi za baridi. Kule mti unakua kidogo kidogo kwa mwaka, duara kwa duara, na ukiutazama ubao unaona mistari imebanana, imenyooka, na kwa wepesi wake una nguvu ya ajabu. Magitaa mengi ya huko kwao yana uso wa mti huo. Niliunganisha vipande viwili katikati, nikaukwangua mpaka chini ya milimita tatu. Mjomba alikuwa akiushika pembeni kwa vidole viwili na kuugonga, akinipa ishara ya kichwa: bado, bado, bado. Kisha siku moja akasema, "Acha sasa."

Nilimsomea kuhusu Mhispania mmoja, Antonio de Torres, aliyetengeneza gitaa mwaka 1862 lenye mgongo na mbavu za karatasi zilizogandishwa kwa gundi, uso tu ndio ulikuwa mbao, kuonyesha kwamba sauti inategemea uso kuliko kitu kingine. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. "Sasa mbona umeniulia mfenesi?" Mfenesi ulikuwa umeanguka wenyewe, lakini nilikipenda kicheko kile. Ndiyo maana ukimya wa Jumapili umenikaa vibaya.

Kila kitu kilipita mikononi mwake. Kila kitu isipokuwa freti.

Zile nilizifanya nyumbani, usiku, Nuru akishalala, kwenye meza ya kulia chakula. Ubao wa shingo ni mpingo, kipande nilichopewa na mchongaji wa Mwenge, cheusi tii na ukingo mmoja wa utomvu uliopauka ambao niliuondoa. Mpingo ni mzito, ukiutupa majini unazama, na vumbi lake linawasha pua siku nzima. Ndio huohuo wanaoutengenezea klarineti na obo Ulaya. Hesabu yenyewe haina ushirikina. Unaamua urefu wa uzi kutoka juu ya shingo mpaka darajani, kile kipande cha usoni kinachobeba nyuzi, mimi milimita 650. Unagawanya kwa 17.817, unapata 36.48, hapo ndipo freti ya kwanza. Unaitoa kwenye 650, inabaki 613.52, unagawanya tena kwa 17.817, unapata 34.43, hiyo ndiyo nafasi kutoka freti ya kwanza hadi ya pili. Unaendelea hivyo, na kama hukukosea popote, freti ya 12 inaangukia 325, nusu kamili. Ikiangukia hapo unajua uko salama. Nilikata mifereji kwa msumeno mwembamba, nikapachika vijiti vya brasi vya kuchomelea nilivyonunua mtaa wa Gerezani, nikavisawazisha kwa tupa na msasa.

Nilipenda kazi ile. Kazini namba zangu zote ni ushuru na kodi, mali ya mtu mwingine inayopita. Namba hizi zilikaa kwenye mti zikawa nyumba ya sauti. Nilitaka Mjomba azikute zimekamilika, afurahi. Akaja na "Hesabu" yake.

Mpaka Jumatano nilishaamua kwamba kaudhika. Kwamba nimemuweka pembeni pale penye kazi ya mwanamuziki, nikamuachia ya seremala. Nikaanza kumtungia ujumbe wa kuomba radhi, nikafuta, nikatunga tena.

Jana usiku mkaza mjomba akapiga simu. Alitaka kujua habari za mama, tukaongea presha, tukaongea mahari ya Tanga, na katikati ya hayo akasema, kama jambo dogo, "Halafu mzee wako hapa ananisumbua, anataka ile karatasi yako ya hesabu. Tangu uondoke anapimapima ule ubao uliobaki kwa kamba."

Nikamuuliza, kaudhika?

"Kwa lipi?"

Ndipo akanieleza. Walipokuja kulichukua gitaa la bendi, Mjomba aliomba usiku mmoja. Akakata kipande cha mfuko wa saruji, akakilaza kwenye shingo, akaweka alama freti zote kwa penseli. Alikusudia atengeneze lake. Karatasi ile aliikunja akaiweka juu ya kabati, miaka na miaka, na watoto kusoma, na shamba, na maradhi, na siku aliyoitafuta alikuta mchwa wameila yote. "Akasema basi, hana tena pa kupimia," mkaza mjomba akasema. "Mpaka apate gitaa la mtu. Na yeye kuazima gitaa la mtu hataki, unamjua."

Nilikuwa jikoni, nikakaa kwenye gunia la mchele.

Miaka yote hiyo Mjomba alikuwa anajua kwamba gitaa huzaliwa na gitaa. Kwamba lazima mtu akupe kipimo. Ndivyo walivyofanya vijana wote wa enzi zake waliojitengenezea magitaa ya galoni kwa nyuzi za waya wa breki: unatafuta la mwenzio, unapima, unarudi kwenu. Kumbe kilichokuwa kinamzuia kilikuwa kinaenea kwenye nusu karatasi ya daftari la Nuru. "Nani kakupa hicho kipimo?" lilikuwa swali lenyewe hasa. Alitaka jina la mtu.

Leo kutwa nimekuwa na furaha ambayo meneja mpya ameifikiria ni ya kwake. Nimeziandika freti zote 19 kwa mwandiko mkubwa, namba moja kila mstari, kwa kalamu nyeusi ya kukoza, kwa sababu ya macho yake. Nimempigia fundi wa Mwenge, anacho kipande kingine cha mpingo, kifupi kidogo lakini kinatosha. Jumamosi nakwenda navyo. Gitaa pia nakwenda nalo, na nitaliacha kule mpaka la kwake likamilike, asipige hewa kwa sasa. Ujumbe wa radhi nimeufuta. Nilichomwandikia ni, "Shikamoo Mjomba, karatasi inakuja Jumamosi, weka mbao kivulini." Mjukuu wake kamsomea. Jibu likaja: "Marahaba mama. Njoo na msasa."

Yaani msasa! Nimeusoma ujumbe huo kwenye kituo cha mwendokasi Kimara nikacheka peke yangu.

Sasa usingizi wa leo unachukuliwa na lingine. Mwalimu wa Nuru kaandika kwenye daftari kwamba akikaa nyuma hasomi ubaoni, na kwamba amemhamishia mbele tangu wiki iliyopita. Nimemchunguza jioni hii, kitabu anakisogeza mpaka puani. Baba yake alivaa miwani akiwa na miaka tisa, na Nuru anatimiza minane Novemba. Bima yake iliisha mwezi uliopita na bado hatujailipia kwa sababu ya gharama za mama. Kama kuna aliyempeleka mtoto kupimwa macho siku za karibuni, aniambie walimtoza kiasi gani na kama Jumamosi wanafungua, maana ikibidi Kisarawe itasubiri Jumapili.