Bustani ya Dodoma huchimbwa chini, haiinuliwi

Ukitangaza kwamba una kieneo Dodoma na unataka kulima bila mbolea ya dukani, washauri hawakauki. Wengi wao hawajawahi kuukaa Oktoba wa huku hata mara moja. Mimi nina ekari moja kasoro upande wa Hombolo, udongo mwekundu ambao ukikauka unafunga ganda, mvua ikishuka inateleza juu yake kama juu ya sakafu. Leo kwenye hiyo ekari natoa mapapai, mbaazi, fiwi, mlenda na mayai. Kwa hiyo nimejiruhusu kusema.

Ushauri ulionigharimu kuliko wote ulitoka kwa shemeji yangu wa Dar. Alinitumia video mfululizo za bustani za Uingereza, mboga zimejaa kwenye masanduku ya mbao. "Shem, inua matuta, mizizi ipumue!" Nikanunua mbao, nikajaza udongo na samadi, nikasia mchicha na chainizi. Vikaota vizuri tu, maana nilimwagilia asubuhi na jioni mpaka jirani akaniuliza kama nimeanza kufuga samaki. Upepo wa Agosti ulipoingia, tuta likawa linapigwa juu na ubavuni, pande zote. Maji ya asubuhi hayakufika adhuhuri. Mchicha ukatoa maua ukiwa na urefu wa kidole.

Halafu wakaja mchwa. Niliegemea ukingo wa sanduku kufunga kamba ya kiatu, ubao ukabonyea, na ndani sikuona mbao: walishaila yote wakaacha ngozi ya nje, wakaipiga lipu ya udongo kwa ndani kama mafundi waliolipwa. Laki mbili na ushee imeliwa. Nikampigia shemeji. "Ungepaka oili chafu, Shem." Oili chafu, kwenye mboga ya kula!

Uingereza wanainua matuta kwa sababu udongo wao unatota na baridi inachelewa kuondoka. Tuta la juu huchuja maji na kupata joto mapema. Sisi huku hatuna hata tatizo moja kati ya hayo. Nikafanya kinyume: nimechimba vitalu vya kuzama, futi moja kwenda chini, nikarudisha udongo wenye samadi hadi uso ubaki kiganja kimoja chini ya ardhi ya kawaida, juu nikatandaza nyasi. Maji yanakaa humo, upepo unapita juu. Basi.

Kwenye mteremko ndipo penye raha. Fundi mmoja alitaka hela ndefu kuja na mashine yake ya kupimia mstari wa usawa, ule wa kuchimbia mtaro wa kuzuia maji. Mimi nilifunga fito mbili za mita mbili zikawa herufi A, ufito wa tatu katikati, kamba kutoka kileleni, jiwe chini. Simamisha sehemu moja, weka alama kamba inapopita kwenye ufito wa katikati. Geuza miguu, mguu wa kulia ukae palepale ulipokuwa wa kushoto, weka alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Kisha unatembea nayo shambani mguu kwa mguu, kila kamba ikitulia kwenye alama unapiga kigingi. Mstari unaopatikana unapindapinda hadi utadhani mlevi ndiye aliyepita, na kila apitaye alinishauri niunyooshe. Usiunyooshe! Nilichimba mtaro kufuata vigingi vile vile, udongo nikautupa upande wa chini. Mvua kubwa ya kwanza ya Desemba maji yalijaa mtaroni mwanzo hadi mwisho kina kimoja, yakasimama, yakazama. Juu ya ukingo nina mbaazi. Mvua ilipokatika Februari, kama kawaida yake, mtama wa chini ya mtaro haukukunja majani.

Mchwa siwapigi dawa tena. Yacouba Sawadogo, yule mkulima wa Burkina Faso aliyefariki 2023, alikuwa anatia samadi kwenye mashimo yake ya zai, yaani vishimo vya kupandia, kabla ya mvua ili mchwa waifuate, watoboe lile ganda, maji yapate njia. Mimi nimewatengea mlo wao: mabua makavu hatua kadhaa kutoka kwenye miche, na miche yenyewe naizungushia majani mabichi. Tena nina chungu kibovu. Nakijaza mabua na kinyesi cha ng'ombe kilicholowana, nakifudikiza juu ya njia yao jioni. Asubuhi nakiinua taratibu, nakung'uta mbele ya vifaranga. Hujawahi kuona fujo kama hiyo. Chakula cha vifaranga cha dukani nimepunguza karibu nusu.

Watu wanaulizia kisima. Cha kwangu kina chumvi, miche haikipendi. Pigia hesabu bati lako kwanza: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita za mraba 60 na mvua ya milimita 500 kwa msimu ni lita 30,000. Tenki langu la lita 5,000 linafurika mapema, na kinachofurika kinakwenda kwenye shimo la mipapai, pamoja na maji ya bafuni.

Na using'oe visiki. Migunga iliyokatwa zamani iko hai chini. Chagua machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, kata mengine, punguza matawi ya chini. Mti wa kununua hauwezi kuyafikia, una mizizi ya jana.

Uzio ni minyaa, vipande vya kuomba, nilivichomeka karibu karibu. Utomvu wake ukiingia jichoni ni hospitali, kwa hiyo vaa miwani. Mbuzi wakubwa hawaugusi, lakini kabla haujashikana ilibidi nipatane na mzee jirani, maana baada ya mavuno mbuzi huachiwa popote. Yeye anawazuia, mimi nampa mabua ya mtama, naye ananirudishia samadi: mzigo wa mabua kwa debe mbili. Mwaka huu anataka na papai juu.