Betri ya Mzee

Mbeya leo imeamka na ukungu, Loleza haionekani. Tangu juzi Mzee alipoondoka bila kugusa chai, sijalala vizuri.

Alishuka na basi kutoka Iringa wiki tatu zilizopita, amepakata kompyuta yake ya zamani, aina ya 386, iliyofungwa blanketi. Ilitoka ofisi moja ya chai Mufindi, alikokuwa karani wa mahesabu. Nikamwamkia, nikampokea mzigo. "Mwanangu, niangalizie tu kama ni nzima. Usiibadilishe." Nikaitikia.

Nilipoifungua nikakuta nilichokihofia. Pembeni mwa bodi kuu kuna betri ya nikeli na kadimiamu, kipipa cha volti 3.6 kinachotunza saa na tarehe mashine ikizimwa. Ilikuwa imevuja. Unga wa kijani umetambaa hadi kwenye tundu la kibodi, na njia mbili za shaba, nyembamba kama unywele, zimelika. Ile ni alkali, haiachi kula. Nikaikata, nikasugua kwa mswaki na siki, nikasafisha kwa spiriti, nikaunga njia zile kwa uzi wa waya. Jioni ikawaka. Ikahesabu kumbukumbu hadi megabaiti 4, nami nikapiga makofi peke yangu hapa dukani Mwanjelwa.

Ningeishia hapo. Lakini kava la mbele lilikuwa limegeuka njano, kama zinavyogeuka plastiki zilizotiwa bromini zisishike moto. Nikalifuta kwa spiriti, nikalipaka peroksaidi ya hidrojeni, nikalianika siku mbili kwenye jua letu la milimani. Likarudi jeupe. Nilitaka Mzee afurahi.

Alilitazama kimya, akapitisha kidole kwenye kona ya chini. "Hapa palikuwa na namba ya ofisi. Niliiandika mimi, siku ilipofika." Kisha, taratibu: "Hata betri ungeniuliza kwanza."

Kwenye betri sirudi nyuma. Wakusanyaji wa kompyuta za zamani husema acha kila kitu kama kilivyotoka kiwandani, lakini betri inayovuja ukiiheshimu itakuachia boksi la kutu. Namba ile ni jambo jingine. Haikuwa inakula kitu chochote. Huko Uingereza na Marekani mafundi na wakusanyaji wanavutana hivi hivi, ila kwao kompyuta za nyumbani kama Commodore 64 ziliuzwa kwa mamilioni. Ukiharibu moja unatafuta nyingine. Sisi nchi yetu ilizuia kompyuta kuingizwa mwaka 1974, na za zamani tulizonazo ni za kuhesabu kwa vidole. Ya Mzee ni hiyo moja tu, na mkono wake ulikuwa juu yake.

Nimempigia mara mbili, hajapokea.

Betri ninayo bado, nimeifunga nailoni ndani ya kopo la Africafe. Nimepekua simu nikapata picha nilizopiga siku alipoileta. Katika ya tatu, ukiikuza, namba inasomeka: tarakimu nne, na saba yenye mkato katikati. Kesho naenda kuichapisha picha hiyo, kisha natafuta basi la Iringa. Nitaipeleka mwenyewe.