Nyumba ya Mbogani, Jumamosi na shangazi

Jumamosi nilimpeleka shangazi hadi mtaa wa Karen, Nairobi, kuiona Mbogani, nyumba ya mwandishi wa Kidenmark Karen Blixen, chini ya vilima vya Ngong. Ni nyumba ya mawe yenye paa la vigae, iliyojengwa mwaka 1912, wakati Nairobi yenyewe ilikuwa bado changa. Blixen aliishi hapo kuanzia 1917 hadi 1931, shamba la kahawa lilipomshinda. Mwinuko ulikuwa juu mno kwa mibuni.

Shangazi hakujali sana samani za sebuleni. Alisimama jikoni, akatazama sufuria na meko ya kuni, akasema polepole, "Hapa ndipo watu wetu walipofanyia kazi." Nilinyamaza. Kwa kweli ukuta huu haukujisafisha wenyewe, na kahawa ile haikujichuma. Wakikuyu waliokuwa wakiishi shambani kama maskwota, yaani wakazi wasio na hati ya ardhi, walilazimika kuhama lilipouzwa. Habari zao ningependa zisimuliwe kwa kirefu kuliko zile za mwenye nyumba.

Hata hivyo nafurahi sana kwamba imetunzwa. Denmark iliikabidhi serikali ya Kenya mwaka 1964 kama zawadi ya uhuru, ikawa sehemu ya chuo, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mbao za sakafu bado zinalia ukizikanyaga. Huko bustanini kuna mitambo ya kale ya kahawa, imeshika kutu. Shangazi aliweka kiganja juu ya chuma kile, akakaa nacho muda mrefu.