Vihisi vya Mwisho wa Mfereji

Kwenye skimu ile ya mpunga, kusini mwa mji wa Moshi, wenye majaruba ya karibu na banio, pale maji yanapoingilia mfereji, na wenye majaruba ya mwisho wa mfereji hawakuelewana kuhusu maji. Vihisi vya kina cha maji vilifungwa ili kukata ubishi. Nilipoitwa kuvikagua, vya juu vilileta habari, vya chini vilikuwa kimya.

“Mwanangu,” aliniambia mzee mmoja wa kule chini, “hata mashine nazo zinawasikiliza wa juu tu?”

Swali hilo liliniuma.

Fundi aliyenitangulia alidhani tatizo ni umbali. Redio za LoRa, zile za vihisi zinazotuma ujumbe mfupi mbali kwa umeme kidogo, alikuwa ameziweka zote kwenye SF12, mpangilio wa polepole kuliko yote na unaofika mbali zaidi. Lakini nilipokiamuru kihisi cha mwisho kitume katikati ya saa, ujumbe ulifika papo hapo. Nikakaa kwenye kompyuta kusubiri saa nne kamili. Hapo ndipo nikaona: vihisi arobaini na kitu, vyote vimepangiwa kutuma saa kamili, vikigombea mikondo mitatu ya redio. Kwa SF12 hata ujumbe mfupi hukaa hewani zaidi ya sekunde moja. Jumbe mbili zikigongana, husalimika ule wenye nguvu zaidi, na kipokezi chetu kilikuwa banioni, karibu na vya juu. Mzee alikuwa amesema kweli tupu.

Chuo Kikuu cha Hawaii kilikutana na jambo hili tangu 1971, kilipounganisha visiwa kwa redio za mtandao wa ALOHA. Kila mmoja akituma wakati wowote apendao, hewa hupitisha salama asilimia 18 tu ya uwezo wake, tena hapo mambo yakiwa mazuri. Vyetu vilikuwa na hali mbaya zaidi, maana havikutuma ovyo, vilituma pamoja.

Nikaandika programu upya: kila kihisi kijichagulie dakika kwa bahati nasibu, na kila saa kichague nyingine. Vya karibu nikavihamishia SF7, mpangilio wa haraka, ambako ujumbe uleule hauchukui hata sehemu ya kumi ya sekunde. SF12 nikawaachia walio mbali. Kuomba uthibitisho kwamba ujumbe umefika nikakuzima kabisa, kwa kuwa kipokezi kinapojibu hakisikii.

Usiku huo namba za mwisho wa mfereji zikaanza kuingia. Maji yalikuwa yanakatika kuanzia saa sita hadi alfajiri, na kwenye daftari ndiyo ilikuwa zamu yao. Mzee akaomba zichapishwe, akazipeleka kwenye kamati mwenyewe.