Kamba ya mita 45 iliyonisaidia kueleza umri wa dunia

"Usiwape watu namba, wape picha za dinosaria." Ushauri huo nilipewa na karibu kila mtu niliyemwambia nataka kufundisha jiolojia kwa watu wa kawaida, na unanikera mpaka leo. Watu hawaogopi namba. Kinachowashinda ni namba isiyoshikika, na miaka milioni 4,540 ya dunia haishikiki.

Mara ya kwanza nilitumia ubao. Nilichora mstari wa mita mbili na robo hivi, mwanzo wa dunia kushoto, leo kulia. Nilipofika kwa binadamu nikaweka alama ya chaki, nikaendelea na maelezo. Mzee mmoja aliyekaa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, hiyo alama yenyewe, kwa unene wake, ni miaka mingapi?" Nikaipima mbele ya watu. Milimita tano. Kwa kipimo changu, hiyo ilikuwa miaka milioni 10, na spishi yetu ina miaka 300,000 hivi! Alama moja ilikuwa imetumeza zaidi ya mara thelathini. Swali lile lilinikosesha usingizi, na ninamshukuru sana yule mzee, kwa sababu ndilo lililonileta kwenye kamba.

Kamba yangu huhesabu mita moja kwa miaka milioni 100. Sentimita moja basi ni miaka milioni moja, na dunia nzima inaenea kwenye mita 45 na sentimita 40. Ya kwanza ilikuwa ya nailoni. Usiinunue. Watu wakiishika huku na huku wanaivuta, nayo inarefuka. Ikiongezeka nusu mita tu umeshazidisha miaka milioni 50. Halafu nilikuwa nimefunga mafundo kuonyesha matukio, nikasahau kwamba kila fundo linakula kamba. Dinosaria walisogea kila nilipoongeza fundo jipya. Sasa natumia kamba isiyovutika na vibanio vya nguo, na kila tukio nalipima kuanzia upande wa leo, maana miaka yote ya jiolojia huhesabiwa kurudi nyuma. Gharama yake ni hiyo kamba, vibanio na karatasi chache za kuandikia; futi ya kupimia niliazima.

Tunatembea pamoja kutoka mwanzo. Dalili za uhai zilizo wazi ziko kama mita 35 kabla ya leo. Oksijeni inaanza kujaa hewani kwenye mita 24. Katikati hapo watu wanatembea tu, na mimi nanyamaza makusudi. Ukijaza ukimya huo kwa maneno umeharibu somo. Wanyama wengi wanatokea mita tano na nusu hivi kutoka mwisho, dinosaria mita mbili na ushee, na wanatoweka sentimita 66 kabla ya leo. Ndipo mtoto mmoja akauliza, "Mbona vyote vimebanana huku?" Kwa sababu muda mrefu sana uhai ulikuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho, nikamwambia, na vijidudu haviachi mifupa.

Jiandae pia kuulizwa tumejuaje. Mimi hueleza urani, madini yenye mnururisho yaliyomo kwenye miamba: hugeuka polepole kuwa madini ya risasi, na nusu ya urani-238 huhitaji karibu miaka milioni 4,470 kugeuka. Mwanasayansi Clair Patterson alipima risasi iliyomo kwenye vimondo, mawe ya angani yaliyoundwa wakati mmoja na dunia, na mwaka 1956 akatangaza miaka milioni 4,550. Mpaka leo tumesogea kidogo tu kutoka hapo.

Mwisho wa kamba spishi yetu inachukua milimita tatu. Safari moja mama mmoja akauliza mwanzo wa maandishi uko wapi kwenye kamba. Tukapiga hesabu: miaka 5,000 na kitu, sehemu ya ishirini ya milimita. Akang'oa unywele wake mmoja, akaubana kwenye kibanio cha mwisho, akasema, "Basi ni huu." Tangu siku hiyo kila ninapofundisha naomba mtu ajitolee unywele.