Nilivyobaini kwa nini pikapu ilikaza kwenye kona

Pikapu yangu hubeba viazi kutoka Kitulo kupitia Isyonje hadi Uyole, Mbeya, na wakati wa masika ni nadra kupanda kule bila kuingiza fowili, yaani kufanya magurudumu yote manne yavute. Tatizo lilijitokeza kwenye lami: nilipokata kona kali usukani ulikuwa mzito, gari lilizuilika kana kwamba breki zimeshika, na tairi za mbele zililia huku zikiacha alama nyeusi. Fundi wa kwanza aliniambia, "Mzee, hiyo ni alaimenti tu." Sikuridhika, kwa sababu alaimenti mbaya, yaani magurudumu kutolingana mwelekeo, hula tairi hata gari linapokwenda moja kwa moja, na haina nguvu ya kulisimamisha gari kwenye kona.

Gari hili ni la fowili ya muda, yaani halina difu ya katikati, gia zinazoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kama ile iliyomo kwenye Land Rover Defender. Fowili inapoingia, propela shafti (fito ndefu zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) ya mbele na ya nyuma hulazimika kuzunguka sawasawa, ilhali kwenye kona ekseli ya mbele, yaani mhimili wa magurudumu ya mbele, hupita njia ndefu zaidi. Kwa gari ambalo ekseli zake zimeachana mita 3, ekseli ya mbele ikizunguka kwenye duara lenye nusu kipenyo cha mita 6, ya nyuma itafuata duara la mita 5.2 hivi; katika robo ya mzunguko, ya mbele hutembea mita 9.4 na ya nyuma 8.2. Tofauti hiyo ya zaidi ya mita moja lazima itokee mahali fulani. Kwenye tope tairi huteleza na dereva hahisi lolote, lakini lami haisamehe.

Kwa hiyo nilirudia kona ileile kwenye uwanja wa vumbi, na kukaza kulipungua sana. Kisha niliirudisha transfa, boksi la gia linalogawa nguvu kwa mbele na nyuma, kwenye magurudumu mawili na kurudi nyuma mita chache nikiwa nimenyoosha usukani, kwa kuwa mkazo uliobaki kwenye shafti huweza kuzuia gia za transfa kuachana. Hali haikubadilika. Hatua iliyonisaidia kuliko zote ilikuwa kuzungusha habu zote mbili za mbele (vifungio vya katikati ya magurudumu vinavyoyaunganisha na shafti zake) kwa mkono hadi alama ya kuachia: kona zikawa laini mara moja. Kama kukaza kungeendelea hata baada ya hapo, ningetafuta chanzo kwenye breki, bearingi au viungo vya usukani, lakini sasa lawama ilikuwa imehamia kwenye transfa.

Kuthibitisha hilo hakukuhitaji jeki. Nikiwa kwenye sakafu iliyo sawa, injini imezimwa, gari likiwa gia ya kwanza, magurudumu yamewekewa mawe, habu zimeachiwa na mkono wa transfa uko kwenye magurudumu mawili, nililala chini na kujaribu kuzungusha propela shafti ya mbele kwa mkono. Katika hali hiyo ingepaswa kuzunguka. Yangu ilicheza kidogo tu kisha ikagoma.

Fundi mwingine wa Mwanjelwa, ambaye kwa maoni yangu alistahili kuulizwa mapema, alifungua sehemu ya mkono huo na kukuta bushi (pete ya ndani) ya kiungo chake imelika na udongo umegandamana humo, hivyo mkono ulifika mwisho wa njia yake kabla ya uma wa ndani kuachanisha gia. Transfa yenyewe haikufunguliwa. Alisafisha, akaweka bushi mpya, akarekebisha urefu wa kiungo, na shafti ikazunguka kwa vidole. Nilimwomba pia abadilishe balbu ya fowili kwenye dashibodi, iliyokuwa imeungua, maana ingewaka muda wote huo na kuonyesha kwamba transfa haijaachia. Tairi za mbele, zilizokuwa zimechakaa kingoni, zilihamishiwa nyuma.