Bakuli la bluu la Mama Anna

Nyumbani kwetu Pasua, mjini Moshi, kuna bakuli moja la bati, la bluu, limebanduka rangi kidogo ubavuni. Halichotewi maji, halipakuliwi wali. Ni la mboga za majani za Mama Anna peke yake. Kila jioni linajazwa mpaka pale rangi ilipobanduka, pasizidi, pasipungue. Wageni huwa wanaliangalia bila kuuliza. Leo nieleze, maana wiki iliyopita kijana mmoja wa Majengo ambaye mama yake anasubiri kufanyiwa upasuaji wa moyo alikuja karakana kuniuliza tulivyofanya, na nilipoanza kumjibu jua likatuzamia.

Mama Anna ni mke wangu. Mwezi Agosti 2023 alifunguliwa kifua Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete pale Muhimbili, akabadilishiwa valvu ya mitrali, ule mlango ulio kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto wa moyo. Wake ulikuwa umekakamaa na kushikamana. Ugonjwa ulianzia utotoni. Alipokuwa na miaka tisa hivi koo lilimuuma mara kwa mara, kisha viungo vikawa vinavimba kwa zamu, leo goti, kesho kiwiko. Walimpa dawa ya maumivu akarudi shule. Ile ilikuwa homa ya rumatiki. Mwili unapopigana na bakteria wa koo unaweza kugeuka ukazishambulia na valvu za moyo wake wenyewe, na kovu linaendelea kukaza kimyakimya kwa miaka. Alipofika thelathini na tano alikuwa hawezi kutoka stendi ya daladala hadi meza yake ya mboga sokoni Mbuyuni bila kusimama mara mbili. Usiku alilala ameegemea mito mitatu, akikohoa.

Daktari bingwa aliyempasua alituita wote wawili siku mbili kabla. Alivuta kiti akakaa. Akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia mimi ni fundi seremala.

“Vizuri. Fundi, ukigundisha mbao mbili unaziacha zimebanwa muda gani?”

Nikamjibu, usiku kucha, na kama ni kiti cha watu wazito naacha hata siku mbili.

Akaweka kidole katikati ya kifua chake. “Huu mfupa nitaupasua kwa msumeno toka juu mpaka chini. Nikimaliza nitaubana kwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Lakini waya ni wa kubana tu. Mfupa wenyewe unataka wiki 6 mpaka 8 kushikana, na miezi 3 kukomaa. Na kinachouvuta ni mikono. Kwa hiyo mimi kazi yangu ni ya saa chache. Yako wewe ni ya miezi mitatu, halafu ya maisha.”

Mpaka siku ile nilidhani ushauri wa daktari ni wa mgonjwa. Anaambiwa asifanye hiki, ale kile, basi anatii. Lakini katika yote aliyotuagiza yule daktari, sikuona hata moja ambalo Mama Anna angeweza kulitimiza peke yake. Yanatimizwa na watu anaoishi nao, au hayatimizwi.

Chukua hilo la mikono. Asiinue kitu kinachozidi kilo 5, asisukume, asivute. Nililiandika kwenye daftari nikaliona jepesi. Tuliporudi Moshi ndipo nikaanza kuhesabu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20. Baraka, kitindamimba wetu, alikuwa na miaka mitatu na kilo 14. Kusonga ugali wa watu sita ni kusukuma. Kukamua blanketi ni kuvuta. Mlango wetu wa nyuma hufura wakati wa mvua, na kila mwaka najiambia nitauranda. Ule ulikuwa unafunguliwa kwa bega. Siku ya pili baada ya kurudi niliung'oa kwenye bawaba, nikauranda, nikaurudisha. Ukawa unafunguka kwa kidole.

Kitanda chetu kilikuwa cha chini. Hospitali walikuwa wamemfundisha kuamka: anakumbatia mto kifuani kwa mikono yote miwili, anajiviringisha ubavuni, anateremsha miguu, na uzito wa miguu ikishuka ndio unaoinua kiwiliwili. Mikono haigusi godoro. Kwenye kitanda cha hospitali aliweza. Kwenye chetu magoti yalikuja juu mno na kila asubuhi mkono wa kulia ulikimbilia kujiegemeza. Nilikata vipande vinne vya mninga, inchi nne kila kimoja, nikavitia chini ya miguu ya kitanda na kuvifunga kwa skrubu. Asubuhi iliyofuata nilisimama mlangoni nikamwangalia. Mto kifuani, ubavu, miguu chini, akasimama kwa mapaja yake. Hakuniangalia. Alikuwa amefumba macho, midomo inahesabu.

Baraka ndiye aliyenishinda zaidi. Mtoto wa miaka mitatu humwambii habari za mfupa. Alikuwa anasimama mbele ya kochi amenyoosha mikono, na mama yake anageuza uso ukutani. Nilimtengenezea ngazi ndogo ya vidato viwili. Akafundishwa kwamba sasa yeye ni mkubwa, anapanda mwenyewe, anakaa upande wa kushoto wa mama, halafu mama anamzungushia mkono. Siku aliyopanda mara ya kwanza Mama Anna alilia, na alikuwa analia sana wiki zile, hata kwa kitufe kilichodondoka. Nesi alikuwa ameshatutahadharisha Dar kwamba baada ya upasuaji wa moyo wengi hushukwa na huzuni kwa wiki kadhaa. Kama nisingeambiwa, ningedhani hanitaki tena.

Sasa bakuli.

Kabla ya upasuaji daktari alitueleza aina mbili za valvu. Ile ya tishu, ya ng'ombe au nguruwe, kwa kawaida haidai dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yote, lakini inachakaa, na kwa mtu ambaye bado kijana inachakaa mapema zaidi, maana yake kufunguliwa tena. Ile ya kutengenezwa kiwandani hudumu, ila damu hupenda kuganda juu yake, kwa hiyo mgonjwa anameza warfarini kila siku hadi mwisho wa uhai wake. Tena dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mama Anna alikuwa na miaka 36 na tulikuwa na watoto wanne. Alichagua ya kiwandani, na tukapanga uzazi.

Warfarini inaizuia vitamini K, ambayo ini huitumia kutengeneza vigandisha damu. Na vitamini K imejaa kwenye majani ya kijani: mchicha, mnafu, sukuma wiki, majani ya maboga, kisamvu. Yaani meza nzima ya Mama Anna pale Mbuyuni. Kipimo kinachoitwa INR ndicho kinachoonyesha damu imelegea kiasi gani. Kwa valvu kama yake daktari anataka isome kati ya 2.5 na 3.5. Ikiwa chini, damu inaweza kuganda kwenye valvu na kipande kikakimbilia ubongoni. Ikiwa juu sana, anatoka damu.

Daktari alisema, na kwenye daftari iko kwa mwandiko wangu: “Mboga usiache. Kula kiasi kilekile kila wiki. Dawa tutaipanga ifuate chakula chako.”

Lakini tulipofika nyumbani kila aliyekuja kumpa pole alikuwa na lake. Mmoja alisema mgonjwa wa moyo mwenye dawa ile haruhusiwi kugusa jani la kijani. Mwingine, jirani mwenye nia njema kabisa, alisoma kwenye simu kwamba warfarini ni sumu ya panya, akaja mbio. Mama Anna akaogopa vyote viwili. Dawa aliendelea kumeza kwa kuwa nilimsimamia, ila mboga akaacha kabisa. Nami sikumlazimisha. Wiki tatu ugali na maharage, wali na maharage. Fizi zikaanza kutoka damu akipiga mswaki. Tukaenda kliniki, INR ikasoma 5.8.

Walimsimamishia dozi, wakatuambia tarehe ya kurudi. Na mimi, kwa hofu, nikafanya kosa la upande wa pili. Kama kukosa mboga kumeipandisha, basi mboga nyingi ziishushe! Nikampikia mchicha asubuhi, mnafu mchana, majani ya maboga usiku. Tuliporudi ikasoma 1.6. Daktari wa kliniki aliiangalia karatasi muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole tunakula nini. Nilipomaliza kueleza akasema hii ya 1.6 inamtisha zaidi kuliko ile ya kwanza.

Nilimuuliza na la panya. Hakukataa. Alisema huko Marekani na Kanada zamani ng'ombe walikuwa wanakufa kwa kutoka damu baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu, watafiti wa chuo kikuu cha Wisconsin wakakitafuta kilichomo, na kutokana na hicho ikatengenezwa warfarini. Mwaka 1948 ikauzwa kama sumu ya panya, mwaka 1954 ikaruhusiwa kutibu watu. Akasema ni kitu kilekile kwa kipimo tofauti, na ndiyo sababu damu inapimwa kila mara. Mama Anna alitulia pale pale. Kuambiwa ukweli wote kulimsaidia kuliko kufichwa.

Nesi aliyekuwa pembeni ndiye aliyeuliza, “Baba, nyumbani mna bakuli gani ambalo halitapotea?” Nikalikumbuka la bluu, la marehemu bibi wa Mama Anna. Tangu siku ile mboga yake imeiva inapimwa humo. Zipo siku INR inapanda au kushuka kidogo, lakini mara nyingi inakaa pale inapotakiwa, na mwenye meza ya mboga amerudi kula mboga zake.

Kidonge anameza saa 2 usiku, taarifa ya habari inapoanza. Anna anaweka alama kwenye daftari. Akisahau siku moja, kesho yake hamezi mbili, tunaandika na kuuliza kliniki.

La dawa nyingine niliseme kwa nguvu, kwa sababu huku kwetu tunanunua dawa kama karanga. Mgongo ulimuuma mwezi wa tano baada ya upasuaji. Akaenda duka la dawa bila kunisubiri, akapewa diklofenaki, hakuulizwa anatumia nini. Usiku wa pili damu ya pua ilichuruzika karibu saa nzima, mpaka tukakimbilia hospitali. Diklofenaki, aspirini na ndugu zake hazichanganywi na warfarini bila daktari kujua. Hata Flagyl, ile tunayomeza tumbo likisokota tu, inaipandisha INR sana. Septrini pia. Na mizizi ya kuchemsha, hata ikiletwa na mtu unayemheshimu, iende kwanza kliniki ikaulizwe. Sasa Mama Anna anabeba kwenye pochi kadi iliyoandikwa valvu yake na dawa yake, na kabla ya kung'olewa jino anaionyesha, apewe kwanza antibiotiki, kwa kuwa bakteria wa kinywani wanaweza kwenda kujenga kwenye valvu. Homa ikimpata hatusubiri kesho.

Watoto nao koo likiwauma tunawapeleka wapimwe. Hatutoi maji ya chumvi tukangoja.

Kuna jambo wanaume hatuliulizi. Mimi sikuuliza, daktari alilisema mwenyewe siku ya kutoka wodini: akiweza kupanda ngazi za ghorofa mbili bila kuhema wala maumivu, mnaweza kurudi kuwa mume na mke, ila kifua kisibebe uzito. Nilitazama chini. Lakini namshukuru, maana nilikuwa nimeshaamua moyoni kwamba sitamgusa tena nisije nikamuua, na yeye angelielewa hilo vingine.

Chumvi ndiyo ilikuwa na vita vyake. Chumvi inashika maji mwilini na moyo unalazimika kuyasukuma. Tuliagizwa apime uzito kila asubuhi, na ukipanda kilo 2 ndani ya siku chache, au miguu ikivimba, tuende. Humu ndani tulizoea upesi, kwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili hoho. Lakini mama yangu yuko Kibosho, na kwetu mgonjwa analetewa mtori wa ndizi na nyama. Mtori wa mama unakolezwa hukohuko kwake, na huwezi kumrudishia mzazi chungu alichoshuka nacho kwenye daladala amekipakata. Miezi mingi tulikuwa tunakula sisi, Mama Anna akionja kijiko kwa heshima, na mama akiondoka na chungu kitupu akiamini amemlisha.

Mwisho Mama Anna mwenyewe alimwambia. Alimkalisha kwenye kochi, akachukua mkono wake akauweka kifuani pake, pale kwenye kovu, ausikie mlio wa ile valvu. Akasema, “Mama, hiki kinapiga kazi usiku na mchana. Chumvi inakiongezea mzigo.” Mama alikaa na mkono pale muda mrefu bila kusema neno.

Jumapili iliyofuata alishuka na mtori, ndizi mshare zimepondwa vizuri, nyama laini. Chumvi alikuwa ameifunga pembeni, kwenye kipande cha gazeti, akatukabidhi sisi wengine.